Yule Anayesimama Pembeni ya Mgombea

Siku yangu ya kwanza kazini nilirekodi hotuba nzima ya mwanasiasa mmoja sokoni Kirumba, tangu salamu mpaka makofi, nikaileta redioni nikijivuna. Wakati huo redio yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya karakana ya seremala, huku mtaa wa Mususa, Butembo, na kila tulipotaka kusoma habari ilitubidi kumwomba seremala aache msumeno kwanza. Papa Paluku, mkubwa wetu wa habari, alisikiliza kidogo tu, akasimamisha kaseti.

"Huyu mutu anasema nini?"

"Anaahidi barabara, Papa."

"Barabara iko habari? Kila mutu anaahidi barabara. Pembeni yake nani alikuwa amesimama?"

Sikujua. Nilikuwa nimemtazama msemaji peke yake, tena kwa adabu.

"Kesho urudie Kirumba," akaniambia. "Mwenye kusema, hapana kumufuata. Ufuate mwenye kunyamaza."

Nikarudi, juu ya lori, nimekaa kwenye magunia matupu. Niliuliza sokoni, nikaambiwa kwamba aliyesimama pembeni alikuwa mtu aliyetoka Kinshasa, hakuna hata mmoja pale aliyewahi kumwona, na ndiye aliyekuwa akimnong'oneza mgombea majina ya vijiji. Hiyo ndiyo habari tuliyoisoma. Ile barabara ilibaki kwenye kaseti, na mnajua wenyewe kama ilitoka humo.

Ninyi waandishi mlioanza na telefone hamwezi kuelewa mateso ya pile, zile betri za kinasa sauti. Tulizianika juani asubuhi ili zipate nguvu ya mwisho, kama mihogo. Sifongo ya kufunika mikro, maikrofoni yangu, niliikata mwenyewe kwenye godoro la zamani. Ukifika mahali upepo ni mkali, unageuka, unaupa upepo mgongo, unamwacha mwenye kuhojiwa ale vumbi. Papa Paluku alinifundisha pia kutofunga mkoba haraka. Alisema mtu akiona umezima mashine, ndipo anaanza kusema.

Sasa niwaeleze jambo moja, sababu kila uchaguzi wasikilizaji wanauliza. Nchi nyingine za mashariki, mgombea urais anasimama na makamu wake, picha mbili kwenye bango moja. Kwetu rais anasimama peke yake, na marafiki zake tunawajua baadaye, wakishagawana vyeo. Lakini mgombea ubunge huandika chini ya jina lake mtu wa kumrithi, suppléant, ambaye anachukua kiti kama mwenyewe akifa, akiacha au akipewa uwaziri. Kwa hiyo ukitaka kuelewa namna mtu anayegombea kila mara anavyomchagua mwenzake, huhitaji kwenda Kinshasa. Mimi nilimfuata mmoja kwa miaka mingi, hapahapa.

Jina lake Kakule. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Butembo, mabati, misumari, saruji, na wafanyakazi wake walijenga nyumba za watu. Alikuwa mtu wa sauti ya chini. Alikumbuka majina ya watoto wa kila mtu, hata wangu. Watu walimpenda kwa hilo. Mimi hilohilo ndilo lililonitia wasiwasi kwanza, maana sikuwahi kumtajia majina hayo.

Mara ya kwanza aligombea katika mji wa Beni. Kule hakuwa na mtu, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa alipomchagua mwenyeji kuwa suppléant wake: Hadji Ramazani, Mwislamu, mwenye malori. Sisi wote wa redio tulisema maneno yaleyale, kwamba Kakule amepata magari na amepata msikiti. Nilisema hivyo mimi mwenyewe, kwa sauti nzuri. Lakini siku ya mkutano mkubwa niliona wafuasi wake wanashuka kwenye malori ya kukodi. Nilipopita uani kwa Hadji, malori yake yote yalikuwa yamesimama, na Hadji mwenyewe amekaa kwenye kivuli cha mojawapo anakunywa chai.

"Hadji, wewe hauko mkutanoni?"

"Sikuitwa, mama yangu."

"Suppléant haitwi?"

"Na mimi nashangaa kama wewe."

Kakule akashindwa, akawashukuru watu wa Beni redioni, akaondoka. Nami nikaliweka lile swali moyoni, sababu sikuwa na pa kuliweka pengine.

Mara ya pili alihamia Lubero, upande uleule wa Kirumba. Huko kulikuwa na Mwalimu Mumbere wa Kirumba, katekista, mtu aliyewaongoza wazazi kurudisha daraja lililobebwa na mvua, kwa mikono, bila kungoja serikali. Vijana walitaka asimame yeye. Walikuwa wameshaanza kuandika jina lake ukutani kwa makaa. Kisha ghafla tukasikia kwamba Mwalimu ni suppléant wa Kakule, na vijana wakatumwa kwenda kufuta kuta.

Nilikuwa mkutanoni. Kakule alisema muda mrefu. Mwalimu hakupewa mikro hata ya kusalimu. Mama mmoja muuza viazi akapiga kelele kutoka nyuma: "Mwalimu! Bamekufunga kinywa?" Watu wakacheka. Mwalimu akatazama viatu vyake.

Kakule akashindwa tena, akarudi kwenye duka lake kama mtu aliyetoka safari. Mwalimu yeye alibaki pale Kirumba na watu wake, na watu wake walikuwa wamemkasirikia. Walisema amewauza. Jumapili akisimama kuongoza sala, wengine walitoka nje kupunga upepo. Mwisho akaacha kuongoza sala. Nilipokutana naye sokoni aliniambia maneno machache tu: "Mama Kaswera, mimi nilifikiri tunaenda babiri, yeye na mimi."

Nilimpelekea Papa Paluku mashaka yangu. Alikuwa ameshazeeka, anakuja redioni kwa fimbo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Unashuku nini, kweli?"

"Nashuku huyu mutu hachagui wenzake kwa sababu anawataka."

"Basi ushuku. Mais kushuku haiko habari. Hapana kuisoma kwa mikro mpaka upate mutu mwenye kuisema na kinywa yake."

Alifariki kabla sijampata mtu huyo.

Halafu ukaja ule ukuta. Shule moja upande wa Oicha, ambayo wafanyakazi wa Kakule walikuwa wameijenga, ukuta wake wa darasa ulianguka siku ya mvua. Watoto walikuwa wameshatoka. Lakini Mama Masika, aliyeuza mandazi pale chini ya ukuta, ulimvunja mguu. Mimi ni mtoto wa Oicha. Baba yangu alilima kakao kule mpaka ukosefu wa usalama ulipomfukuza. Barabara iliporuhusu, nilikwenda. Nilirekodi wazazi. Nilimrekodi fundi mmoja aliyekubali kusema kwamba saruji waliyopewa ilikuwa kidogo na mchanga ulikuwa mwingi, na kwamba alilalamika akaambiwa afunge kinywa au arudi nyumbani. Nilimrekodi Mama Masika kitandani. Nikarudi Butembo kutengeneza kipindi.

Sijakimaliza, Jumapili moja baada ya misa Kakule akafika nyumbani kwangu. Alikuja na dada yake mkubwa, wamevaa vizuri, kama watu wanaokuja kuposa. Alisifu chai. Aliuliza habari za kila mtoto kwa jina. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mama Kaswera, tuko na shauri na weye. Mara hii mi nasimama kule Oicha. Weye uko mutoto ya kule, na sauti yako batu bote banaijua. Nataka ukuwe suppléant yangu."

"Sababu gani mimi, Papa Kakule?"

"Sababu batu banakuamini. Tena wakati ya bamama imefika."

Dada yake akapiga makofi. Mume wangu akanitazama kana kwamba nimesharudi kutoka bungeni Kinshasa.

Niliomba siku za kufikiri. Siwadanganyi, nilifurahi. Wageni walipoondoka niliingia chumbani, nikajitazama kwenye kioo na kujaribu kujiita mheshimiwa, polepole, nione kama jina linanikaa. Lilinikaa vizuri.

Kesho yake nikaenda kazini. Mkurugenzi wetu wakati huo alikuwa Muhindo, kijana kuliko mimi, msomi, mtu wa utaratibu. Aliipenda sana kanuni ya ndani ya redio, aliyoiandika yeye mwenyewe. Habari ilikuwa imeshamfikia. Nilikuwa na vipokea sauti masikioni, nasikiliza sauti ya Mama Masika, aliposimama mlangoni.

"Félicitations, Mama. Mais ukikubali, emission zako zote, kila kipindi, zinasimama. Ni règlement. Candidat, mwenye kugombea, hawezi kushika mikro."

"Zote?"

"Zote. Hata ile ya Oicha."

Nikavua vipokea sauti. Yeye alisema kwa wema, hakujua amenifungua macho. Ile furaha ya jana iliniondoka kama maji kwenye kikapu.

Siku ile ile nilipanda gari kwenda Beni. Nilimkuta Hadji Ramazani uani kwake, anaangalia fundi akibadilisha gurudumu. Nilimweleza yote, hata habari ya kioo. Hadji husema Kiswahili cha msikitini, si chetu hiki cha sokoni, na siku hiyo alikisema taratibu sana.

"Mama Kaswera, nitakuambia neno ambalo sikuwahi kulisema redioni. Kabla Kakule hajafika kwangu, vijana wa mji huu walikuja hapa, Waislamu na Wakristo pamoja, wakaniomba nisimame mimi. Nikasema nitafikiri. Sijamaliza kufikiri, Kakule akaingia kwa heshima zake zote."

"Na Hadji ukakubali."

"Nikakubali. Nilidhani ni heshima. Kumbe jina lako likishaandikwa chini ya jina la mtu, huwezi tena kulipeleka peke yako mahali pengine. Baada ya hapo hakuniita. Malori yangu hakuyataka, na mimi hakunitaka. Alitaka nisisimame, basi."

"Unakubali nikurekodi?"

Akamtazama fundi, akatazama lango. Kisha akasema, "Washa."

Kwa hiyo nilirudi Butembo na jibu la swali langu la miaka yote. Kakule hakumtafuta mtu wa kumsaidia kushinda. Kila alipohamia, alimtafuta pale mtu ambaye yeye mwenyewe alimwogopa kuliko wote, akamketisha karibu naye kwa heshima mpaka siku ya kura ipite. Beni ilikuwa Hadji, Kirumba ilikuwa Mwalimu. Mimi hakuna aliyeniomba nigombee. Mimi nilikuwa na Mama Masika ndani ya mkoba.

Hata hivyo niliona si haki kumhukumu bila kumjaribu. Nilikwenda dukani kwake. Alikuwa amesimama kati ya mifuko ya saruji.

"Papa Kakule, nimekubali. Mais kwanza emission ya Oicha ipite. Kisha tutaenda kuandikisha majina."

Tabasamu halikumtoka. Alinyoosha mfuko mmoja uliokuwa umekaa upande.

"Ile emission itatuharibia, Mama. Sisi bote babiri."

"Sisi? Ule ukuta nilijenga mimi?"

"Bon. Tutaiangalia baadaye, après."

"Après ya nini?"

"Après ya uchaguzi."

"Donc hapana," nikasema. Nikatoa mashine, nikamwambia kwamba namwomba sasa aseme upande wake kuhusu ukuta, apewe nafasi sawa na wazazi. Akasema hana la kusema. Nikalirekodi hilo pia. Akanisindikiza mpaka barabarani, akaniaga, akatuma salamu kwa watoto wangu mmoja mmoja kwa majina, na safari hii akataja na shule ya kila mmoja. Nilifika nyumbani nikawaambia watoto wasipande pikipiki ya mtu yeyote wasiyemjua, hata akiwaita kwa jina. Hasa akiwaita kwa jina.

Wiki haikupita, Mususa nzima ikasema kwamba mimi ndiye niliyekwenda kumwomba Kakule nafasi, akanikataa. Akina mama wa kwaya, waliokuwa wamekuja kunipongeza kwa nyimbo, sasa walinisalimu kwa mkono wa baridi. Hata mume wangu aliniuliza siku moja, huku anafunga viatu ili asinitazame: "Kweli haukumuomba?" Kati ya mambo yote ya kazi hii, hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kisha majina yakatangazwa. Suppléant wa Kakule kule Oicha: Muhindo, mkurugenzi wetu, ambaye mama yake mzazi anatoka kule. Alikuja redioni na kreti ya Fanta, akawagawia wote. Alipofika kwangu aliinamisha sauti.

"Mama Kaswera, ile emission ya Oicha ingoje kwanza. Tukuwe na subira."

Nikapokea Fanta. Kweli nilikuwa nimeshindwa, na nilikwenda nyumbani nikijiambia kwamba Kakule amenizidi akili.

Lakini kulikuwa na ile kanuni. Candidat hawezi kushika mikro, na mkurugenzi akiwa candidat anaacha kiti chake mpaka uchaguzi uishe, na kiti kinashikwa na mwandishi aliyedumu kuliko wengine, yaani mimi. Muhindo aliyaandika mwenyewe. Nadhani alifikiri ni utaratibu tu, kwamba ataendelea kuongoza kutoka nyumbani kwa telefone. Alinikabidhi ufunguo mbele ya wote. "Mama, utatuchungia nyumba," akasema.

Siku chache baadaye tulitangaza kwamba kipindi cha Oicha kitapita Jumamosi. Telefone ikalia.

"Mama Kaswera, simamisha ile kitu."

"Nani anasema?"

"Ni miye, Directeur!"

"Directeur hayuko. Amenipa ufunguo. Weye uko candidat, na candidat hapana kuamuru redio. Ukitaka kusema juu ya ukuta, njoo, nitakupa nafasi ileile nilimupa Papa Kakule."

Nilisikia mtu mwingine akinong'ona karibu naye, sauti ya chini ninayoifahamu. Kisha simu ikakatika.

Kipindi kilipita. Fundi alisema habari ya mchanga. Hadji alisema habari ya jina lake. Mwalimu Mumbere, aliyesikia tangazo, alipanda lori tangu Kirumba bila kuitwa, akakaa studio na kofia mkononi, akawaomba radhi watu wa kwao na kuwaeleza alivyofikiri. Mwisho alikuwa Mama Masika: "Sitaki kitu kwake. Nataka tu anapopita kuomba kura apite hapa, anione ninavyotembea." Nilikuwa nimefunga mlango wa studio kwa ndani. Hakuna aliyekuja kuugonga, lakini tulingoja mpaka kipindi kikaisha, mikono yetu juu ya meza.

Kakule alishindwa Oicha. Sisemi ni kwa sababu yetu. Labda wangemkataa hata bila sisi. Ukuta ulijengwa upya kabla ya siku ya kura, safari hii na saruji ya kutosha. Mguu wa Mama Masika haukunyooka. Mwalimu alirudia kuongoza sala, ingawa si mara moja, na wapo ambao mpaka leo hutoka nje.

Na Muhindo akarudi kwenye kiti chake. Watu wanasahau sehemu hii wakisimulia. Nilimrudishia ufunguo, akanishukuru, na tukafanya kazi pamoja miaka mingi, meza zetu zikiangaliana. Hakunikaripia hata siku moja. Alinituma mbali sana, hilo ni kweli, kila palipokuwa na matope. Juu ya kampeni ile hatukusema neno.

Mwaka huu nilipostaafu, alikuja nyumbani kunisalimu. Tulikunywa chai. Mume wangu alipotoka kidogo, nikamuuliza kitu nilichokuwa nimekishika muda wote huo.

"Directeur, siku ile Kakule alipokuita, ulimuuliza nini?"

Alifikiri.

"Sikumuuliza kitu, Mama. Nilienda kununua cravate, tai ya shingoni."

Nikamwambia habari ya kioo. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini, nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu wakati ule. Kisha akafuta macho, akawa mtu wa redio tena.

"Unasikia Kakule anataka kusimama hapa Butembo?"

"Nimesikia."

"Jumapili aliketi karibu na Mama Soki."

Mama Soki ni mkunga wa kituo cha afya hapa Mususa. Nusu ya vijana wa mtaa huu wamezaliwa mikononi mwake, na tangu juzijuzi wameanza kumwomba asimame yeye.

"Alimuuliza habari za batoto?" nikasema.

"Kwa majina."

Nje pikipiki zilipita. Muhindo akatoa telefone mfukoni, akaiweka juu ya goti.

"Nipe namba ya Mama Soki," akasema. "Nitamuita miye, nimuonye. Ukimuita weye, atasema uko na wivu."

Nikamsomea namba.